Anaumwa tumbo akiona njia ndefu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Kujumlisha na kutoa hana shida, na tebo anazijua, ila ya saba na ya nane huwa anazichanganya. Tatizo ni mgawanyo wa njia ndefu. Akiuona tu anasema tumbo linamuuma. Wanapewa maswali ishirini ya kufanya nyumbani, basi tunakaa saa mbili nzima na daftari linaishia kulowa machozi. Baba yake anasema ni uvivu, achapwe kidogo. Mimi nakaanga maandazi, naamka saa kumi alfajiri, jioni uvumilivu umeshaisha. Nimesikia hesabu zinaweza kufundishwa kwa michezo. Ni michezo gani hiyo, isiyotaka simu wala kununua vitu? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole. Nimefundisha hisabati shule za msingi kwa miaka mingi, na tumbo hilo nalifahamu. Kwenye maumbo hawaumwi, kwenye vipimo hawaumwi, ila siku ninapoandika ubaoni "njia ndefu", nusu ya darasa inaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwambie baba watoto, kwa upole, kwamba mtoto mvivu hakai saa mbili mbele ya daftari. Mvivu hutoroka dakika ya tano. Wako amekaa, amelia, na bado amekaa.

Tazama anachodaiwa. Swali la kujumlisha ni kazi moja. Swali la njia ndefu, tuseme 2,436 gawanya kwa 6, ni kugawanya, kisha kuzidisha, kisha kutoa, kisha kushusha, halafu anarudi mwanzo na kuzunguka tena mpaka tarakimu ziishe. Akiteleza kwenye tebo ya sita, jibu limeharibika. Akikosea kutoa, limeharibika. Akipanga tarakimu upogo, limeharibika hata kama tebo zote anazijua. Na kosa alilolifanya mstari wa kwanza hawezi kulijua mpaka arudishiwe daftari kesho yake likiwa na wino mwekundu. Zidisha hayo kwa ishirini.

Sasa kuhusu michezo. Nilipoanza kazi nilidhani kufurahisha hesabu ni kuipaka sukari. Nilinunua pipi kwa fedha yangu, nikawaambia atakayemaliza kwanza anapata. Wiki nzima pipi zilikwenda kwa watoto walewale watatu. Wengine hamsini na kitu wakajifunza jambo moja tu, kwamba njia ndefu ni ya wale watatu. Pipi nikaziacha. Mashindano ya kasi nayo nikayaacha, na nyimbo pia, maana wimbo unamsaidia mtoto kukumbuka hatua lakini haumwambii kwa nini anazifuata. Hata wanafunzi wangu waliojitungia "Gari Zima, Tairi Sita" ili wakumbuke Gawanya, Zidisha, Toa, Shusha, waliimba vizuri sana na bado wakapata 46 kwa lile swali la 2,436.

Nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba mtoto anacheza pale tu anapokuwa na la kuamua. Maswali ishirini ubaoni hayana la kuamua, ni kutumwa dukani mara ishirini. Mpe jambo la kuchagua, ambalo hawezi kulichagua vizuri bila kugawanya, utamwona anagawanya bila kuambiwa. Michezo nitakayokupa ni ya namna hiyo. Lakini kwanza tumpunguzie mzigo, kwa sababu mchezo wowote unaomfanya akosee kila mara atauchukia vilevile.

Chukua daftari lake la kawaida la mistari, uligeuze ulalo, mistari isimame wima. Tayari ana safu. Kila tarakimu inakaa kwenye safu yake, mamia chini ya mamia, makumi chini ya makumi. Hili halina gharama hata senti, na kwa watoto wengi linaondoa karibu theluthi ya makosa siku hiyohiyo (theluthi hiyo ni ya macho yangu, usiipeleke popote).

La pili ni mashimo. Kabla hajaanza kugawanya, ajiulize jibu litakuwa na tarakimu ngapi. Kwa 2,436 gawanya kwa 6: je, 2 inatosha kugawiwa sita? Haitoshi. Je, 24? Inatosha. Hiyo 4 iko nafasi ya mamia, basi jibu linaanzia mamia, litakuwa na tarakimu tatu. Achore mashimo matatu madogo juu ya paa (ule mstari wa juu ya namba inayogawanywa), kama mashimo ya bao. Sheria ni kwamba hakuna shimo linaloachwa tupu. Sita kwa 24 ni 4, shimo la kwanza limejaa. Anashusha 3. Sita kwa 3 haiendi, basi shimo la pili linaingia 0, haliachwi. Anashusha 6, inakuwa 36, shimo la tatu ni 6. Jibu ni 406. Yule aliyepata 46 hakushindwa kugawanya, alisahau shimo moja tu.

La tatu ni hizo tebo za saba na nane. Kuzikariri aendelee, lakini zisimzuie kugawanya leo. Pembeni mwa ukurasa ajenge ngazi kwa kuongeza mara mbili. Kama anagawa kwa 7: moja ni 7, mbili ni 14, nne ni 28, nane ni 56. Basi. Akitaka saba mara sita, anachukua ya nne na ya mbili, 28 na 14, anapata 42. Ngazi hii inafaa zaidi akifika kugawa kwa namba za tarakimu mbili, ambako hata sisi wakubwa hatuna tebo kichwani. Chukua 864 gawanya kwa 24. Ngazi: 24, 48, 96, 192. Anaanza na 86. Ya nne, 96, imezidi. Ya mbili na ya moja, 48 na 24, ni 72. Basi ni mara 3, inabaki 14. Anashusha 4, inakuwa 144, ambayo ni 96 na 48, yaani mara 6. Jibu 36. Hakuna kubahatisha wala kufuta. Wamisri wa kale waligawanya kwa kuongeza mara mbili namna hii zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, kwa hiyo akidharauliwa na wenzake kwamba hajui tebo, ana jibu la kuwapa.

Sasa michezo. Wa kwanza naupa uzito kuliko yote, kwa sababu ndio unaoonyesha njia ndefu inafanya nini. Sisi tunauita benki.

Chana karatasi za daftari lililoisha. Tengeneza vipande kumi vya 100, arobaini vya 10, na hamsini vya 1. Panga sahani tano mkekani. Umesema ana mdogo wake? Hukusema, lakini kama yupo, au mtoto wa jirani, huyo ndiye benki, anakaa na vipande vya akiba. Mwanao ndiye mgawaji. Mpe 743: mamia saba, makumi manne, mamoja matatu, agawe sawasawa kwenye sahani tano.

Ataanza na mamia, kila sahani moja. Zimebaki mbili mkononi. Hapa ngoja. Usimwambie kitu. Atazitazama zile mia mbili, atazitazama sahani tano, atakutazama wewe. Wengine hujaribu kuzichana. Mwishowe atasema, "Nichenji." Anakwenda benki, anatoa mia mbili, anapewa makumi ishirini. Sasa muulize: na yale makumi manne uliyokuwa nayo tangu mwanzo? Anayachanganya, yanakuwa ishirini na nne. Hapo ndipo neno "shusha" linapopata maana. Zile nne zilikuwa zimekaa zinangoja zamu yao, hazikudondoka kutoka mbinguni. Anagawa, kila sahani makumi manne, yanabaki manne. Benki tena, mamoja arobaini, na yale matatu ni arobaini na matatu. Kila sahani nane. Mkononi yamebaki matatu. Kila sahani ina 148, baki 3.

Rudieni mchezo huohuo, safari hii kila anachofanya kwa mkono anakiandika kwenye daftari lililogeuzwa. Mia moja kila sahani, anaandika 1 juu ya paa. Ametumia mia tano, anaandika 5 chini na kutoa. Mkono unaongoza, kalamu inafuata. Siku ya tatu au ya nne ataona vipande vinamchelewesha, ataviacha mwenyewe. Usimharakishe kufika hapo.

Halafu mpe 618 kwa sahani sita. Mamia yataisha vizuri, kila sahani moja. Atabaki na kumi moja na mamoja nane. Kumi moja kwa sahani sita haigawiki, anazipita sahani zote bila kuweka chochote, anakwenda kuchenji. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana mkimya ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono kabla ya siku ile, alisema, "Mwalimu, sifuri ni pale tulipozipita sahani." Nimekuwa nikiazima maneno yake tangu hapo. Jibu ni 103, na mtoto aliyezipita sahani kwa mkono wake hataandika 13.

Mchezo wa pili ndio wa kucheza naye baba. Unaitwa "baki ni yangu". Kila mchezaji anaandika namba 2 mpaka 9 kwenye vipande vinane, ndiyo silaha zake, kila moja inatumika mara moja tu. Mtu yeyote anataja namba ya kuanzia yenye tarakimu tatu. Tuseme 347. Mchezaji wa kwanza anachagua kipande kimoja, anagawa kwa njia ndefu, na baki inakuwa pointi zake. Kisha baki hiyo inatolewa kwenye namba, na mwenzake anaanzia kwenye namba mpya. Wanapokezana mpaka vipande viishe, mwenye pointi nyingi ameshinda. Mwenzako akigundua umekosea kugawa, pointi zako ni zake.

Tazama kinachotokea. Mwanao ana 347 na vipande vinane. Atumie kipi? Mara ya kwanza atachukua 9 kwa sababu ni kubwa. Anagawa, 38 baki 5. Pointi tano, amefurahi. Michezo miwili baadaye anakuwa mjanja. Kabla ya kuchagua anajaribu pembeni: kwa 8 inabaki 3, kwa 7 inabaki 4, kwa 6 inabaki 5. Ala! Kwa 6 napata tano zilezile, na 9 yangu naitunza. Hesabu idadi ya migawanyo aliyoifanya bila kutumwa na mtu. Minne, kwa zamu moja tu. Mchezo mzima una zamu nane, bado kukagua kazi ya baba. Ishirini za mwalimu zimepitwa mbali, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Kuna siri iliyojificha humo, usimwambie. Akitumia 6, namba inayobaki ni 342, ambayo 6 inaimaliza kabisa. Ikimalizwa na 6, basi inamalizwa na 3 na 2 pia. Kwa hiyo baba akitoa kipande cha 2, 3 au 6 hapati kitu. Hata 9 yake haipati kitu hapa. Kwa 4 au 5 anapata 2 tu. Akitaka nyingi itambidi atoe 7 au 8, zote zinampa baki 6. Mtoto atakayeigundua siri hii ataanza kuchagua si kwa ajili ya kupata tu bali kwa ajili ya kumnyima mwenzake, na atakuwa amejifunza vigawe kabla mwalimu hajavifikia. Naomba baba asimwachie ashinde. Watoto wanajua wakiachiwa.

Umeona kwamba katika mchezo huu baki ndiyo inayotafutwa. Shuleni baki ni takataka ya mwisho wa swali, herufi moja na tarakimu moja pembeni mwa jibu. Nyumbani kwako baki ina maana kila siku. Una maandazi 135, mfuko unaingia nane. Mifuko 16, yanabaki 7. Hayo saba ni nini? Muulize yeye. Labda ni chai ya asubuhi, labda ni nyongeza ya mteja mzuri. Kisha mgeuzie: wanafunzi 130 wanakwenda Mikumi, Coaster inabeba 29. Kugawanya kunatoa 4 baki 14. Je, zikodiwe gari nne? Hao kumi na wanne watapanda nini? Hapa jibu ni tano, na mtoto aliyejibu "4 baki 14" amegawanya sawasawa lakini ameacha watoto stendi. Ubishi wa aina hii mkiwa mnakunja mifuko una faida kuliko ukurasa mzima wa maswali.

Baki tamu kuliko zote iko kwenye kalenda, na Kiswahili kimetupa upendeleo hapa. Siku zetu zina namba ndani ya majina: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, yaani moja hadi tano, halafu Alhamisi ni ya sita na Ijumaa ya saba. Wiki ina siku 7, kwa hiyo swali lolote la "itakuwa siku gani" ni la kugawa kwa 7 na kutazama baki, jibu lenyewe halina kazi. Leo Jumanne, baada ya siku 100 itakuwa lini? 100 kwa 7 ni 14 baki 2. Zile wiki 14 zinaturudisha Jumanne ileile, halafu tunasogea mbili: Alhamisi. Mwaka una siku 365, ambayo ni wiki 52 baki 1, ndiyo maana sikukuu yake ya kuzaliwa inasogea siku moja kila mwaka. Ukipita mwaka mrefu, Februari ya siku 29, inasogea mbili.

Sasa mwambie atafute alizaliwa siku gani. Miaka kumi mara 365 ni 3,650. Kisha ahesabu Februari zenye siku 29 zilizopita katikati, huwa mbili au tatu. Tukichukua mbili, ni siku 3,652. Agawe kwa 7, kwa njia ndefu: 521 baki 5. Kama siku alipotimiza miaka kumi ilikuwa Jumatano, arudi nyuma siku tano: Jumanne, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Na hapo anakimbilia kwako kuuliza kama ni kweli, kwa sababu wewe siku ile unaikumbuka, hakuna mwalimu wa kuisahihisha zaidi yako. Akimaliza yake atataka ya mdogo wake, ya bibi, ya mjomba. Kama kuna Mwajuma au Hamisi katika ukoo, anaweza kukagua kama jina linasema kweli, maana wa kwanza mara nyingi huitwa hivyo kwa kuzaliwa Ijumaa, wa pili Alhamisi. Nilikuwa na darasa lililofanya hivi wiki nzima, mtoto mmoja akaja kuniambia kwa huzuni kwamba babu yake Hamisi alizaliwa Jumapili. Tukarudia hesabu mara mbili. Ilikuwa Jumapili kweli.

Kuna na mazingaombwe, ya kwenda kuwaringia wenzake shuleni. Mwambie achague tarakimu yoyote isiyo sifuri, aiandike mara tatu, kisha agawe kwa jumla ya tarakimu hizo. Akichagua 5, anapata 555, jumla ni 15. Akichagua 4, ni 444 kwa 12. Jibu ni 37 kila mara. Akijaribu tarakimu zote tisa kuona kama kweli, amefanya migawanyo tisa, mingi yake ya tarakimu mbili. La pili ni kubwa zaidi. Achague namba ya tarakimu tatu, tuseme 358, aiandike mara mbili mfululizo: 358,358. Agawe kwa 7, anapata 51,194. Hilo agawe kwa 11, anapata 4,654. Hilo nalo kwa 13, na 358 yake inarudi. Uzuri wake ni kwamba linajisahihisha: ikitokea baki mahali popote njiani, amekosea, arudi atafute. Akiuliza kwa nini (usimpe mpaka aulize), mwambie azidishe 7 kwa 11 kwa 13 aone anapata nini, kisha azidishe hiyo kwa 358.

Jioni ukiwa umechoka na unakanda unga wa kesho, cheza naye huu wa mwisho, haukutaki kusimama. Chukua kipande cha mkaa, andika sakafuni swali lililokwisha kufanywa, lakini liwe na kosa moja. Sahau shimo la sifuri. Au acha baki kubwa kuliko namba inayogawa, kwa mfano baki 8 wakati unagawa kwa 6. Au kosea kutoa katikati. Yeye ni mwalimu, anasahihisha. Utashangaa ukali wake. Mtoto anayeogopa kukosea anapata raha ya pekee kumkamata mama akikosea, na akishayajua makosa haya kwa sura atayaona kwenye daftari lake kabla ya mwalimu. Siku nyingine utakosea kweli bila kukusudia. Mwache akukamate, usijitetee.

Muda: dakika kumi na tano, ishirini zikizidi. Mchezo mmoja kwa jioni. Acheni akiwa bado anataka.

Na yale maswali ishirini? Nenda ukaonane na mwalimu wake, uso kwa uso, mbali na mtoto. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hatoi maswali ishirini kwa ukatili. Ni kwamba darasani hawezi kumfikia kila mmoja, basi anatumaini wingi utafanya kazi hiyo. Mwombe mwanao afanye sita kwa mwezi mmoja, lakini kila moja alihakiki chini yake kwa kuzidisha: jibu mara namba iliyogawa, ongeza baki, irudi namba ya mwanzo. Mimi ningekubali papo hapo. Sita zilizohakikiwa zinaniambia mengi kuliko ishirini zilizonakiliwa kwa rafiki kengele ikikaribia kugonga.

Nakuachia na fumbo la nyumbani kwenu. Mama ana maandazi kwenye beseni. Akiyapanga mawilimawili, linabaki moja. Akiyapanga matatumatatu, linabaki moja. Kwa manne, kwa matano, kwa sita, kila mara linabaki moja. Akiyapanga sabasaba, hayabaki. Ni machache kuliko 400. Ni mangapi? Lifanyeni watatu, baba naye awe na kipande chake cha mkaa, na jibu akilipata wa kwanza asiliseme mpaka wenzake nao wafike.